Milioni Moja na Moja

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia Sapiwi, kila mwenye chumba kitupu alikigeuza ghala, na Mwalimu Jilala naye akamkodishia mmoja wao chumba cha uani. Pamba ilikuwa kavu, jua kali, lakini chumba kilinuka damu mbichi. Mkewe, Felisita, alifagia, akafukiza majani. Harufu haikuhama.

Mchana mmoja binti yao Scola akasinzia juu ya lundo la pamba, akaamka na sauti ya mzee.

"Mimi ni milioni moja na moja," alisema. "Nigawanyeni bila baki."

Tangu hapo hakula wala kunywa. Midomo ikampasuka. Katekista alipokuja kuomba, ile sauti ilimwitikia amina. Ndipo Felisita akamleta nfumu, mganga wa kienyeji, Mama Mhoja wa Lalago.

Mhoja alimnusa mtoto utosini, akarudi nyuma.

"Mwalimu, pepo ninaowafukuza mimi hutaja ukoo, au mto. Huyu ametaja hesabu. Atatoka akigawanywa."

"Mayu, mama yangu, hiyo ni hesabu ya darasani tu."

"Basi gawanya. Mtoto anakauka."

Jilala akaokota mkaa, akaandika ukutani. Kwa tatu, ikabaki mbili. Kwa saba, ikabaki mbili. Kumi na moja, mbili. Kumi na tatu, mbili tena. Na kila baki ilipotokea Scola alicheka kile kicheko cha kizee, shingo ikimpinda, harufu ya damu ikizidi hadi Felisita akajiziba pua kwa khanga, na Jilala akaendelea kugawanya huku mkaa ukimvunjikia vidoleni na jasho likimwingia machoni, asithubutu kugeuka amtazame mwanawe.

"Mia moja na moja!" alipiga kelele ghafla. "Mara elfu tisa mia tisa na moja! Hakuna baki!"

Scola akapiga mwayo mrefu. Kitu cha baridi kikapita mlangoni.

"Mama, maji," akasema kwa sauti yake.

Felisita alimnywesha huku akilia. Lakini Mhoja alikuwa bado anautazama ukuta.

"Umemgawanya, mwalimu," alinong'ona. "Sasa wako wangapi?"

"Wawili," Jilala akajibu.

"Mmoja ametoka. Wa pili yuko wapi?"

Kikombe kikaanguka. Felisita alikuwa amesimama wima, macho yamemtoka.

"Elfu tisa mia tisa na moja," alisema taratibu. "Nigawanye na mimi, mwalimu."

Jilala akaurukia mkaa, akagawanya kwa kila namba aliyoijua, ukuta wa kwanza ukajaa, akahamia wa pili, na jua lilipoinama akaliona lile alilokuwa akilifundisha miaka yote bila kuliogopa: hii ilikuwa namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Mkaa ukamdondoka.

"Mama, nipe maji tena," Scola aliita.

Felisita akaokota kikombe, akakijaza, akamnyooshea kwa upole.

"Kunywa, mwanangu," akasema kwa sauti ya yule mzee.