Mboni ya Kuazima

Nzi-picha walipaa kutoka ndani ya sanduku kama vumbi la dhahabu, wakatawanyika chumbani, na kila mmoja akamtazama Yaledi kutoka upande wake. Hawakuwa nzi wa kweli. Walikuwa kamera, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mtama, wenye mabawa ya utando na akili moja waliyogawana wote. Walichokiona hapa na pale kilikusanyika ukutani na kuwa picha moja ambayo mtu aliweza kuizunguka kwa macho, akaona uso, akaona bega, akaona hata kisogo.

"Kumbe nimeanza kuota upara huku nyuma," Yaledi alisema, akijitazama ukutani. "Na hukuniambia."

"Nilikuwa naustahi moyo wako, Baba Chilewa," mkewe Nyemo alimjibu huku akicheka. Alipiga kofi mara moja, na nzi wakarudi sandukuni kwa utaratibu.

Walikuwa wamekaa kitandani, vifaa vimewazunguka. Nje ya dirisha, Dodoma ilikuwa ikigeuka. Katika miaka hiyo minara ya kioo ililifuata jua kama alizeti, polepole mno kiasi kwamba hukuona mwendo wake ila kwa kutazama vivuli, na mizabibu iliyopandwa juu ya mapaa iligeuka pamoja nayo. Nyemo alikuwa mhandisi wa lenzi. Maisha yake ya kazi alikuwa amesugua vioo vya satelaiti zinazochunga mvua, vioo vilivyokwenda juu na kuona mambo ambayo yeye mwenyewe hakupata kuyaona. Sasa alikuwa amepata likizo ndefu, na alikuwa amechagua kwenda kuiona mianga ya kaskazini, ile mikanda ya kijani na zambarau inayocheza angani huko Norwei wakati wa baridi. Walikuwa wameshapata nyumba ya wageni katika mji mdogo wa pwani uitwao Hestvik.

Taabu ilikuwa mizigo. Merikebu ya anga ilipanda juu sana, hadi mahali ambapo mbingu ni nyeusi mchana, kisha ikateremka Ulaya kabla abiria hajamaliza kuzoea kiti chake. Kwa sababu ya kupanda huko, kila msafiri aliruhusiwa begi lisilozidi uzito wa mtoto mchanga. Ukiwa na makoti mawili ya baridi ndani yake, nafasi iliyobaki ilikuwa ya kugombaniwa.

"Stendi lazima iende," Yaledi alisema, akiikumbatia stendi yake ya miguu mitatu. "Mianga ile inataka kamera itulie. Mkono ukitetemeka kidogo tu, unarudi na picha ya uji."

"Stendi ikienda, nzi wanabaki."

"Wabaki. Huko kuna upepo. Utawaokota baharini?"

"Na lenzi ya maji?" Nyemo aliuliza. Aliipenda lenzi hiyo kuliko vyote, kwa kuwa ilibuniwa kwenye karakana yao wenyewe. Ndani yake kulikuwa na tone la maji lililotanuka na kusinyaa kama jicho la kiumbe hai, hivyo lenzi moja ilifanya kazi ya lenzi zote.

"Na baridi ile? Si itaganda?"

Hilo Nyemo hakuwa amelifikiria. Aliipakata lenzi kwa muda, kisha akaiweka kando. Mwisho alisema atakwenda dukani kuulizia, maana kama wangeendelea hivyo wangefika siku ya safari wangali wamekaa kitandani.

Duka la vifaa vya picha lilikuwa chini ya mnara wao. Aliyempokea ni Tausi, dada mchangamfu aliyewajua wateja wake kwa majina. Alimsikiliza Nyemo mpaka mwisho: stendi, nzi, lenzi, betri ambazo baridi huzinyonya nguvu upesi. Kisha akatabasamu.

"Shikamoo kwanza, mama, maana nilisahau. Halafu nikuambie jambo. Kwa nini ubebe chochote?"

"Marahaba. Nisibebe chochote nipige picha na nini?"

Tausi alifungua kijaluba na kumwonyesha vipande viwili vya utando, vyepesi kama maganda ya kitunguu. Alieleza kwamba huo ulikuwa mtambo mpya uitwao mboni-azima. Huko uendako, wapo wenyeji waliokubali kuvaa utando wa namna hii. Wewe ukivaa wa kwako, unaona kwa macho yao, kwa ukali wote wa jicho la binadamu, ambao lenzi yoyote haijaufikia. Mtambo wenyewe unachagua wakati mzuri na kuuhifadhi kama picha.

"Wanajua pa kukaa na wakati wa kutazama juu," Tausi alisema. "Wewe unatembea mikono mitupu. Watu wengine siku hizi hata hawaendi."

"Na mwenye macho?"

"Mwenye macho anapumzisha macho, mama. Na analipwa. Jaribu kwanza. Kule sasa bado ni giza, na mwezi huu jua halichomozi kabisa. Yupo mmoja hapo hapo Hestvik ameanza zamu."

Nyemo alikaa kwenye kiti cha kuegemea, akavaa utando, akafumba macho. Alipoyafumbua, duka halikuwapo.

Mbingu ilikuwa imefunguka. Mwanga wa kijani ulishuka taratibu kama pazia lililoachiwa na mtu aliye juu sana, ukajikunja, ukajikunjua, ukaacha pindo la zambarau likiburuzika juu ya milima. Chini yake bahari ililala kimya na kuurudisha mwanga wote, na theluji juu ya mapaa ilipokea rangi ile hadi mji mzima ukaonekana kama umezama ndani ya maji safi. Sauti nazo zilimfikia, zikiwa zimetafsiriwa: kishindo kidogo cha barafu, pumzi ya mtu. Pumzi ile ilikuwa ya mwenye macho. Nyemo alijikuta akipumua kwa mwendo ule ule. Alihisi amekuwa mwepesi, hana kiti wala miguu wala jina, ni kutazama tu. Machozi yalimlengalenga, na hakujua yangedondoka kwenye mashavu ya nani.

Ndipo akasikia sauti ya mwanamke mzee, karibu, ikisema kwa kunong'ona, kisha kwa kupaza: "Mwanangu! Mwanangu, anatembea!"

Kichwa kikageuka. Mbingu ikaondoka, na mbele yake pakatokea baraza la mbao lililopashwa joto, taa moja ya njano, na mtoto mdogo aliyefungwa shali hadi kidevuni. Bibi alikuwa amepiga magoti nyuma ya mtoto, mikono yake wazi, ndiyo kwanza imemwachia. Nyuso zao hazikuonekana. Sheria ya faragha iliufunika kila uso kwa ukungu mweupe. Lakini mwili wa mtoto ulionekana wote. Alisimama akiyumba. Akainua mikono hadi usawa wa masikio, vidole vimetanuka, kama mtu anayeshikilia kamba zisizoonekana. Akatoa mguu mmoja. Akafikiri. Akatoa wa pili.

"Njoo," alisema mwenye macho, na sauti yake ilitoka kifuani pa Nyemo. "Njoo kwa mama."

Nyemo alijawa na furaha. Bahati gani hii, aliwaza, kuja kutazama mianga na kukuta jambo kama hili. Mikono ya mama ikanyooshwa mbele kumpokea mtoto. Ilipita kushoto kwake. Ilipapasa hewa, ikarudi, ikapapasa tena, huku mtoto akija upande wa kulia. Nyemo aliona kila kitu kwa uwazi, na mikono ile haikuona kitu. Mtoto akafika, akaligonga goti, na hapo tu mikono ikamkuta na kumkumbatia kwa nguvu.

"Umemwona?" bibi aliuliza. "Mimi nilikuwa nyuma. Umemwona?"

Pembeni mwa picha mtambo uliandika kwa herufi za upole: *Picha bora ya leo imehifadhiwa.*

Nyemo aliuvua utando, duka likarudi na taa zake kali.

"Yule mama haoni," alisema.

Tausi akapangusa kaunta ambayo haikuwa na vumbi. "Macho hayawezi kutumiwa na watu wawili, mama. Akiyaazimisha, kwake inakuwa giza hadi zamu iishe. Wanajua. Wamekubali wenyewe."

"Uliniambia anapumzika."

"Ndivyo tulivyofundishwa kusema." Tausi aliinua uso, na uchangamfu wake ulikuwa umepungua. "Kusema kweli hajawahi kuniuliza mtu."

"Hiyo picha anapewa?"

"Picha ni ya mteja. Kule haibaki."

"Basi nichapishie kwenye karatasi. Na umpelekee ujumbe kwamba nakuja Hestvik, ningependa kumpa mkononi. Akikataa, basi."

Jibu lilikuja kabla Nyemo hajatoka dukani. Mwanamke yule aliitwa Ingerid. Alisema tu, *Njoo.*

Jioni Nyemo alimsimulia mumewe. Yaledi alisikiliza, stendi ikiwa mapajani mwake.

"Chilewa wetu alianzia jikoni," alisema mwishowe. "Alitoka kwenye gunia la mchele akaja kwako."

"Alianzia ukumbini. Akaja kwako, akakanyaga sahani yako ya ugali."

"Jikoni, Mama Chilewa."

"Ukumbini! Nilikuwepo."

"Na mimi nilikuwepo."

Walitazamana. Mtoto wao alikuwa mtu mzima sasa, anafanya kazi kwenye kituo cha Mwezini, na picha ya siku ile hawakuwa nayo hata moja. Wote wawili walikuwa wamewapiga picha wengine maisha yao yote, na siku ile hakuna aliyekuwa na kamera. Walibishana kwa furaha mpaka chakula kikapoa, kisha wakafunga begi bila ugomvi. Nzi walibaki. Lenzi ya maji ilibaki. Walichukua kamera ndogo ya mkono, lenzi moja pana, na betri za akiba za kuhifadhiwa mfuko wa ndani karibu na mwili. Stendi ilikwenda, kwa sababu Yaledi alikataa kuiachia.

Hestvik ilikuwa kama alivyoiota, ila ilinuka samaki, na hilo mboni-azima haikumwambia. Yaledi alipanda kilimani kusimika stendi yake. Nyemo aliifuata njia ya theluji hadi kwenye nyumba yenye baraza la mbao, kamera shingoni, mkalimani mdogo sikioni.

Ingerid alikuwa kijana kuliko sauti yake. Zamani alifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, kabla mikono ya chuma haijachukua meza zote. Alimkaribisha Nyemo ndani, akamwekea kahawa. Mtoto, msichana, alikuwa tayari anakimbia, akigonga kila kiti. Uso wake ulikuwa wazi sasa, mviringo, wenye kishimo kidevuni, na Nyemo alimtazama kwa muda mrefu kama mtu aliyesoma habari za mtu na hatimaye kumkuta.

Alitoa picha. Ilikuwa nzuri kupita kiasi. Taa ya njano, mwanga wa kijani uliomwagika ukingoni mwa baraza, mtoto katikati na mikono juu. Palipokuwa na uso palikuwa na ukungu mweupe.

Ingerid aliishika kwa ncha za vidole. "Walisema hautaondoka," alisema. "Huo ukungu. Niliwauliza. Unachomekwa wakati ule ule wa kuona. Chini yake hakuna kitu."

"Mimi pia niliuliza. Pole, mwanangu."

"Alikuwa anacheka?"

Nyemo alifungua kinywa. Alitamani sana kusema ndiyo. Lilikuwa neno dogo, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumkanusha. Bibi alikuwa nyuma ya mtoto. Macho pekee yaliyokuwa mbele yake yalikuwa haya yanayomtazama sasa, na siku ile yalikuwa ya Nyemo.

"Sijui," alisema. "Nilikuwa natazama kwa macho yako, na sikuuona uso wake. Hakuna aliyeuona."

Ingerid aliinamisha kichwa. Mtoto alikuja kuushika ukingo wa meza, akautaka mkate, akapewa, akaondoka. Nje ya dirisha mwanga wa kijani ulianza kushuka, lakini wote wawili hawakuugeukia.

"Basi mikono," Ingerid alisema. "Mikono uliiona. Nionyeshe alivyoishika."

Nyemo alivua kamera shingoni na kuiweka mezani. Akasimama katikati ya chumba kile kidogo, mwanamke mzima katika koti zito. Akainua mikono hadi usawa wa masikio, akatanua vidole, akayumba kidogo, akatoa mguu mmoja, akasita. Ingerid alimtazama bila kupepesa.

"Na halafu?" aliuliza.