Daftari la Vidole vya Mama

Kila siku nikitoka shule, kabla ya kwenda kucheza, nilikuwa na kazi ya dakika kumi. Mama, fundi cherehani, alikaa dukani kwake, akafumba macho na kunyoosha mkono wa kulia. Nilimgusa kidole kimoja kwa ncha ya uzi wa nailoni, naye akataja ni kipi. Akipatia, niliandika alama ya vema katika daftari. Akikosa, niliandika alama ya kosa.

Kioo cha dirisha la duka kilikuwa kimemkata kwenye kifundo cha mkono na kukata neva, yaani ule uzi wa mwilini unaopeleka habari za joto na maumivu kwenye ubongo. Daktari aliziunganisha ncha zake kwa mrija mwembamba uliotengenezwa kwa kitu kinachotolewa kwenye magamba ya kaa. Neva ingekua polepole ndani yake, na mrija wenyewe ungeyeyuka baadaye.

"Dada, ukianza kutembea upandeupande tutajua umeshakuwa kaa," mjomba alimtania.

Daktari alimkataza mama kushika kitu cha moto kwa mkono ule mpaka daftari lionyeshe kwamba vidole vina hisia.

Lakini wenzangu walikuwa wakiniita nje, na mama alikuwa akikosa kila mara. Kila kosa lilitaka kurudiwa mara tatu. Siku moja nilimgusa kidole gumba.

"Nadhani cha kati," alisema.

"Umepatia," nikajibu.

Uso wake ulivyong'aa! Nilijiambia kwamba nimemfurahisha, ingawa ukweli nilitaka kuwahi mpira. Kuanzia hapo mama alipatia kila kitu, na mimi nikawa wa kwanza kufika uwanjani.

Wiki mbili baadaye nilirudi nikakuta harufu ya kuungua dukani. Mama alikuwa ameshika pasi kwa mkono wa kulia, vidole viwili vimegusa chuma cha moto, naye anazungumza na mteja bila wasiwasi. Nilipiga kelele. Alipotazama vidole vyake, ngozi ilikuwa imeshababuka.

Hospitalini daktari alimfunga bandeji, kisha akafungua daftari langu. Aliupima mkono wa mama kwa rula, toka kwenye kovu hadi ncha ya kidole.

"Neva hukua kama milimita moja kwa siku," alisema. "Hapa ni zaidi ya sentimita kumi na tano, na leo ni siku ya sitini tu. Binti, hizi alama za vema zimetoka wapi?"

Nilitazama viatu vyangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Nimeziandika mimi," nilisema. "Mama alikuwa anakosa."

Mama hakunigombeza. Aliutazama mkono wake tu hadi tulipofika nyumbani. Afadhali angenichapa. Kisha akakaa, akafumba macho na kunyoosha mkono.

"Haya, anza," alisema.

Nilimgusa kidole gumba. "Cha shahada?" akauliza.

"Umekosa, mama."

Daftari likajaa makosa, miezi na miezi. Niliacha kuwahi mpira. Kila nilipoliona kovu la pasi, aibu ilinipanda upya.

Alasiri moja, baada ya kukosa mara nne, mama alisema haraka, "Cha kati."

Nilimgusa tena nipate uhakika. Akataja kile kile.

"Umepatia," nikasema.

"Kweli?"

Swali hilo lilinichoma, lakini nilikuwa nimelitafuta mwenyewe.

"Kweli, mama. Na kabla ya hapo umekosa mara nne."

Mama akafumbua macho, akatabasamu.

"Hizo nne ndizo zinazonifanya niiamini hii moja," alisema. "Mwanangu, ukitaka watu wayaamini mazuri unayowaambia, usiwafiche mabaya."

Nikaandika makosa manne, kisha vema moja, na mama akaomba alione daftari.