Kiti cha Nyuma

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mapaa. Mama Pacha alikuwa anafunga geti la karakana, awahi kumchukua binti yake kwa jirani, alipoona baiskeli imeegemezwa ukutani. Pembeni yake alisimama mwanamke aliyejitanda mtandio hadi puani.

Mama Pacha alichoka kabla hata ya kuiangalia. Karakana yao ya mtaa ilipokea baiskeli za msaada, ikazitengeneza na kuwapa wasio nazo. Lakini nyingi zilizoletwa zilikuwa kutu yenye magurudumu. "Watu wanatuletea mifupa, wanataka tuwashukuru kwa nyama," alizoea kusema Babu Pampu, fundi mkuu. Hata hivyo yeye ndiye aliyeweka sharti kwamba hakuna anayerudishwa mlangoni na zawadi yake. Pokea, shukuru. Akishaondoka, ndipo uifungue uchukue kinachofaa.

Hii ilikuwa nzima. Nyeusi, mnyororo umetiwa mafuta. Nyuma ya tandiko kulikuwa na kiti cha mtoto chenye mkanda. Mkanda ulikuwa umefungwa.

"Tumepokea, dada. Asante."

Yule mwanamke hakuondoka.

"Usiseme tumepokea. Sema wewe. Nimepokea."

"Si ni yale yale, dada?"

"Sema tu, mwenzangu. Nimechoka."

Mama Pacha alikuwa mtu wa haya. Kubishana na mgeni kulimshinda. Akasema. Mwanamke yule akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani, akashika njia bila kuaga. Alitembea huku akijipapasa kiunoni, upande huu na upande ule.

Ilikuwa desturi ya karakana kwamba baiskeli nzima izungushwe mtaa kabla ya kuingizwa ndani, ili breki zake zijulikane. Mama Pacha akapanda. Mwanzoni ilikuwa nyepesi, inateleza yenyewe.

Alipokata kona... ikawa nzito.

Alidhani ni pancha. Akageuka kutazama. Gurudumu la nyuma lilikuwa limebonyea kidogo, kama limebeba mtu.

Kisha harufu ikamjia. Sabuni ya mtoto. Na chini ya sabuni, jasho la homa.

Mikono miwili midogo ikamshika kiunoni.

Mwingine angeitupa baiskeli akakimbia. Lakini paji dogo la uso lilimwegemea mgongoni, chini ya bega la kushoto, palepale alipokuwa akiegemea mwanawe.

"Baba?" alinong'ona, kama alivyozoea kumwita mwanawe alipokuwa hai. "Ni wewe, baba?"

Mikono ikakaza kidogo.

Alizaa pacha, wa kike na wa kiume. Wa kiume aliondoka na homa kabla hajaanza shule. Watu waliendelea kumwita Mama Pacha, kwani jina la mtu halikatwi nusu. Naye aliitika kila mara, na kila mara donda lilitoneshwa.

Asubuhi Babu Pampu aliizunguka ile baiskeli, akaridhika. "Hicho kiti king'oe tu. Nani anakitaka?"

"Babu... hii niachie mimi."

"Wewe? Hujawahi kuomba hata spoku." Mzee akacheka. "Haya, chukua. Leo mvua itanyesha mawe."

Basi ikawa kila jioni Mama Pacha anarudi nyumbani kwa baiskeli, kwa njia ndefu, akiimba nyimbo za kubembeleza, akipita kwa jirani bila kusimama; binti yake atamfuata baadaye kwa miguu. Kila jioni mzigo uliongezeka. Miguu ilimtetemeka. Kiunoni alitokwa na alama nyeusi za vidole. Mtoto hukua, alijiambia, na moyo wake ukafurahi kwa furaha ya kuogofya.

Siku moja akiwa ameinama kwenye gurudumu, blauzi yake ilipanda. Babu Pampu akaziona zile alama. Uchangamfu ukamwisha usoni.

"Aliyeileta ile baiskeli, alikulazimisha useme umepokea?"

Mama Pacha akaishusha blauzi.

"Niliwahi kuisikia," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Karakana ya ng'ambo ya reli. Aliyeipokea huko naye alikuwa ametoka kuzika mtoto. Haiendi kwa mtu asiye na pengo. Wengine husema ni mtoto aliyetupwa, hakuna aliyemlilia, sasa anatafuta mgongo. Wengine husema ni mkono wa mtu. Mimi sijui, mwanangu. Sitaki kukudanganya."

"Na yule mama aliiondoaje?"

"Hakuiondoa. Aliigawa. Kama wewe ulivyogawiwa."

"Siigawi, Babu. Yule ni mwanangu."

"Mwanao hakukuachia alama hata alipokuwa hai."

Alitoka bila kuaga. Jioni ile alikanyaga pedali kwa hasira, akapita njia fupi hadi kwa jirani. Binti yake alikuwa kibarazani. Alipoiona baiskeli, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Njoo, mama. Njoo umsalimie pacha wako."

"Huyo simjui."

"Ni pacha wako jamani. Amerudi."

"Siyo." Mtoto akanyoosha kidole kule mama yake alikotoka. "Pacha wangu yule kule. Kila siku anakukimbilia. Analia. Wewe unaenda tu."

Mama Pacha aligeuka.

Barabara ilikuwa tupu. Lakini mbali, katika mwanga uliobaki, vumbi lilikuwa linatimka... kidogo... kidogo... kama nyayo za mtu mdogo aliyechoka kukimbia.

Jioni zote zile. Alikuwa akiimba, naye yuko nyuma, peku, anaita.

"Baba," alisema. "Njoo, baba. Mama nimesimama. Nakusubiri."

Alitaka kushuka. Mikono ikambana. Akajishika kiunoni aibandue, vidole vyake vikakuta nguo yake mwenyewe tu.

"Amefika wapi?" alimnong'oneza binti yake.

"Amesimama pale kwenye nguzo."

"Mwambie aje. Mwambie nashuka sasa hivi."

Binti aliinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza.

"Anauliza kwa nini umempa mwingine kiti."

Mama Pacha alijivuta kwa nguvu zake zote. Baiskeli ikayumba, haikumwachia. Machozi yalimchuruzika mpaka shingoni. "Mwambie sikujua. Mwambie mama alidhani huyu ndiye yeye... Mwambie, mwanangu. Upesi."

Vumbi lilikuwa limetulia.

"Mama, anarudi."

"Anarudi huku?"

"Hapana. Amegeuka."

Mama Pacha aliita. Aliita jina ambalo hakuwa amelitamka tangu siku ya mazishi, akaliita mpaka majirani wakafungua madirisha. Nguzo ilisimama peke yake. Giza likaifunika taratibu kutoka chini.

Ndipo lile paji dogo likamwegemea tena mgongoni. Lilikuwa la moto, limelowa. Na kwa mara ya kwanza kilichokuwa nyuma yake kikanena, kwa sauti ndogo mno, ya mtu aliyezoea kukataliwa.

"Usinigawe, mama."

Kibarazani, binti yake alikuwa bado ameinua mkono, anaipungia barabara.