Mikono ya Feza

Kila Jumamosi asubuhi Feza alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu mwingine: kuosha gari la baba yake. Alichota maji bombani, akasugua magurudumu, akafuta vioo kwa gazeti kuukuu, kisha akaingia ndani kukung'uta vumbi. Hapo Nguba, mtaa wao wa Bukavu, si watu wengi waliokuwa na gari. Papa Donatien, karani katika kampuni ya majani chai, alilinunua kwa mwalimu wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao.

Jumamosi moja, alipokuwa akitandua kitambaa cha kiti cha mbele, vidole vyake viligusa kitu kigumu. Alivuta, ukatoka mkanda mweusi mpana wenye kifungo cha chuma. Akatafuta zaidi, akapata mwingine kama huo, na kwenye kiti cha nyuma pia mikanda ilikuwa imesukumizwa chini pamoja na maganda ya karanga.

"Papa, hii mikanda ni ya nini?"

Papa Donatien alikuwa barazani akinyoa ndevu. "Ya kujifunga mu gari," alijibu bila kugeuka. "Wazungu ndio wanaitumia, maana kwao wanakimbiza gari sana. Sisi hapa, mashimo ya Bukavu itakuacha ukimbie? Rudisha kule chini. Inanikunjia suti yangu ya abacost."

Maman Emérence, aliyekuwa akimenya mihogo, naye akadakia: "Na gari ikianguka mu ziwa, ama ikiwaka moto? Utatoka namna gani, umefungwa kama mbuzi ya soko?"

Maneno hayo yalimwingia Feza. Kama papa na maman wote walikuwa wamekwisha kufikiri hivyo, yeye mtoto wa miaka kumi na miwili angeongeza nini? Aliirudisha mikanda chini, akatandaza kitambaa juu yake.

Kesho yake, baada ya misa, walikwenda kula karamu ya ubatizo kwa ndugu zao wa Nyawera. Papa Donatien alivaa abacost yake ya kijivu iliyopigwa pasi ikanyooka. Kwenye kiti cha nyuma Maman Emérence alikaa na sufuria za chakula na mkungu wa ndizi. Hapakubaki nafasi, kwa hiyo Agnès, mdogo wake Feza wa miaka minne, alipakatwa na dada yake mbele.

"Umushike vizuri," Papa Donatien alisema.

"Nimemushika, Papa." Feza alimzungushia mdogo wake mikono yote miwili. Alijiamini. Mikono hiyo hiyo ilizoea kupandisha ndoo za maji kila siku.

Walikwenda mwendo wa taratibu. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na barabara iliteleza. Walipokaribia sokoni, teksi iliyokuwa mbele yao ilisimama ghafula kumpakia abiria. Papa Donatien alikanyaga breki kwa nguvu. Gari liliteleza, likaigonga teksi kwa nyuma.

Haikuwa ajali kubwa. Taa moja tu ilivunjika. Lakini Agnès alikuwa amechomoka mikononi mwa Feza kama samaki, akagonga uso kwenye kibao cha mbele. Alikuwa chini, kimya, damu ikimtoka kwenye paji la uso. Baada ya kitambo ndipo alipolia, na Feza hakuwahi kufurahia kilio namna ile.

Hospitalini, Daktari Philémon alimshona Agnès, akampima macho na shingo, kisha akatoka kuzungumza na wazazi.

"Mutoto atapona. Usiku huu atalala hapa, tumuangalie. Alikuwa amekaa na nani?"

"Na huyu dada yake," alisema Papa Donatien kwa hasira na hofu. "Nilimwambia amushike. Akamwachilia!"

Feza aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondoka. Labda ni kweli. Labda alilegeza mikono bila kujua.

Daktari Philémon alimtazama, akachuchumaa mbele yake. "Fungua mukono, binti yangu."

Feza alifungua kiganja polepole. Ndani yake mlikuwa na kipande cha kola ya gauni la Agnès, kilichochanika pamoja na kifungo chake. Mwenyewe hakujua kwamba bado alikuwa amekikamata.

"Muzee, angalia," daktari alisema. "Mutu aliyeachilia, hiki angekitoa wapi? Huyu alishika mpaka nguo ikapasuka. Gari ikisimama ghafula, mutoto yeye hasimami. Anaendelea mbele na ule mwendo, na uzito wake unakuwa kama wa gunia. Hata wewe usingemuweza."

"Lakini Docteur, tulikuwa tunaenda polepole. Tena ni hapa karibu tu."

"Wengi ninaowashona walikuwa wanaenda hapa karibu. Gari yako haina mikanda?"

Papa Donatien aliitazama abacost yake, iliyokuwa imelowa damu kifuani. Kisha akamvuta Feza karibu naye.

"Iko nayo," alisema. "Ni mimi niliyeificha. Unisamehe, mama. Mikono yako haikukosa kitu."

Agnès aliporudi nyumbani na bandeji yake, mikanda yote ilikuwa imekwisha kutolewa chini ya viti, imefuliwa kwa sabuni. Maman Emérence alitaka wasichana wote wawili wafungwe kwa mkanda mmoja, lakini daktari alikuwa amewakataza: kila mtu na mkanda wake, na watoto wakae nyuma.

Siku moja jirani yao Stanislas, ambaye watoto walimwita Tonton, yaani mjomba, aliomba lifti, akakaa kiti cha mbele. Alipoona wote wamejifunga aliangua kicheko.

"Donatien! Wewe dereva wa miaka yote hii, unaogopa? Na gari ikiingia mu maji?"

"Stanislas ndugu yangu," Papa Donatien alijibu, "mutu aliyegonga kichwa akazimia hafungui mulango, hata gari ikiwa mu maji, hata ikiwa mu moto. Aliye macho anabonyeza hapa tu, anatoka." Alibonyeza, mkanda ukafunguka, akaufunga tena. Kisha akageuka nyuma kuwatazama binti zake. "Na ninyi musikie. Dereva hodari anatawala usukani wake, hatawali wa mwenzake. Nilisema maneno mengi juu ya mikanda hii bila kuuliza anayejua, na mutoto wangu akalipa. Kabla ya kuamini neno kwa sababu kila mutu analisema, muulize kwanza anayejua, hata kama anayelisema ni baba yenu."

Tonton Stanislas alisita, akautafuta mkanda ubavuni pake. Alihangaika nao kidogo, hakujua unaingia wapi. Feza aliinama kutoka nyuma, akamwelekeza mkono, mpaka mkanda ukalia *ka!* Ndipo Papa Donatien akawasha gari.