Jaribu Kwanza, Msusi

"Bonyeza tu, dada. Kidole kimoja, kazi imekwisha."

"Asibonyeze. Akibonyeza atalia kama nilivyolia mimi."

"Wewe ulilia kwa sababu ulibonyeza vibaya."

"Kumbe kuna kubonyeza vizuri na kubonyeza vibaya? Hebu tuambie, Spika, shule ya kubonyeza ulisomea wapi?"

Baraza zima likacheka. Spika ni dereva wa lori, na waliompa jina hilo hawakukosea. Akinong'ona, barabara ya pili wanasikia. Aliyekuwa akibishana naye ni Mshonaji, jirani wa mlango wa kati. Mashine yake ya kushonea ameiweka dirishani, ili kazi iende na habari zisimpite.

Aliyekuwa akiambiwa abonyeze ni Msusi. Alikuwa amekaa kwenye kiti barazani, kichwa cha mteja kikiwa katikati ya magoti yake. Vidole vilikuwa vinasuka, lakini macho yalikuwa kwenye simu iliyolala juu ya kigoda. Kioo cha simu kilikuwa kimeandikwa:

*Toleo Bora limefika. Boresha leo, pesa zako zijisimamie zenyewe.*

Msusi alisoma maneno hayo kwa mara nyingine, na moyo ukamwenda mbio. Pesa zijisimamie zenyewe. Nani asiyetaka?

Ndani ya simu ile kulikuwa na programu ya hesabu za nyumbani. Kila jioni, chakula kikiwa motoni, Msusi huandika humo. Leo tumepata kiasi hiki, tumetumia kiasi hiki. Ameandika hivyo kwa miaka miwili bila kulipa chochote. Sasa watengenezaji walikuwa wanauza toleo jingine, la kulipia kila mwaka. Bei yake ni sawa na kusuka vichwa vitatu, tena vya mtindo mrefu.

Ubishi usingekuwa mkali hivyo kama si habari ya chumba cha mbele.

Chumba hicho kinatazama barabara. Kina dirisha kubwa na bomba la maji ndani. Msusi amekuwa akisukia barazani tangu aanze kazi. Mvua ikinyesha, wateja hukimbia na vichwa nusu. Upepo ukivuma, nywele za bandia hufika mpaka kwenye sufuria za watu. Sasa chumba kilikuwa wazi kwa kupangishwa, na mwenye chumba alitaka jibu Jumamosi. Asipolipata, atampa muuza viatu.

"Kodi ya mwezi mmoja ninaiweza," alisema Msusi. "Hata ya miezi miwili. Ninachoogopa ni kuingia kwa shangwe, halafu wateja wakipungua nitolewe na viti vyangu nje, mtaa mzima ukitazama."

"Ndiyo maana nakwambia lipia," alisema Spika. "Hili Toleo Bora linasoma ujumbe wa benki na wa pesa za simu. Huandiki tena. Linakupigia hesabu ya mwaka mzima, wewe umelala."

"Langu lilinifutia hesabu ya mwaka mzima, mimi niko macho," alijibu Mshonaji.

Hapo sauti ikatoka chini, katikati ya magoti ya Msusi.

"Jamani, mimi naweza kusema?"

Wote walishangaa kidogo. Walikuwa wamemsahau mteja. Alikuwa Karani, dada wa ghorofa ya juu, anayefanya kazi katika chama cha akiba na mikopo. Upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa umesukwa, upande wa pili umesimama kama umepigwa na umeme.

"Sema, dada, kichwa ni chako," alisema Spika.

"Kwanza, mnachanganya vitu viwili," alisema Karani. "Kuna kusasisha na kuna kulipia toleo la juu. Kusasisha ni kama kukarabati nyumba unayokaa. Wanaziba nyufa, wanabadilisha kitasa kilicholegea. Mara nyingi ni bure, na inafaa kufanya, kwa sababu inazuia wezi. Kulipia toleo la juu ni kuhamia nyumba kubwa zaidi. Hapo lazima ujiulize: hivyo vyumba vya ziada nitaviwekea nini?"

Msusi aliacha kusuka. "Mimi nitaviwekea nini?"

"Niambie wewe. Unataka programu ikufanyie kazi gani?"

"Iniambie kama naweza kulipa kodi hata miezi ya wateja wachache."

"Na hesabu zako za miaka miwili zimo?"

"Zimo zote. Hata siku niliyofiwa na kuku niliandika."

"Basi huenda jibu unalo tayari. Ila usiamini maneno yangu tu, wala ya Spika. Hapa wameandika kwamba unaweza kujaribu bure kwa wiki moja. Jaribu kwanza."

"Hapo ndipo nilipoangukia mimi," alisema Mshonaji. "Nilipata ujumbe una kiungo cha kubonyeza. Nikakifungua, nikakubali, nikakubali, nikakubali. Nilipomaliza kukubali, sina hesabu hata moja."

"Pole, dada," alisema Karani. "Makosa yalikuwa mawili. Ulifuata kiungo cha mtu usiyemjua, na hukuweka nakala. Ukitaka programu, ingia mwenyewe kwenye duka la programu la simu yako. Na kabla ya kubadilisha chochote, weka nakala ya hesabu zako mahali pengine."

Msusi alifuta mafuta ya nywele mikononi, akachukua simu. Karani alimwelekeza huku shingo imepinda. Aliingia kwenye mipangilio, akagusa sehemu ya kuhifadhi nakala. Akaituma nakala kwenye barua pepe yake. Halafu aliifungua aone kama kweli ina kitu ndani. Ilikuwa nacho. Hata kuku alikuwemo.

"Ukianza jaribio, watataka namba yako ya malipo," alisema Karani. "Jaribio likiisha hujajitoa, wanakata pesa. Kwa hiyo weka kengele kwenye simu, ilie siku moja kabla."

Msusi aliweka kengele. Kisha akabonyeza. Mshonaji alifumba macho kana kwamba kuna kitu kitalipuka.

Hakikulipuka kitu. Kioo kikang'aa kwa rangi nzuri za kijani na zambarau. Msusi akapiga makofi kama mtoto, na kwa furaha akasuka upande uliobaki kwa kasi ambayo Karani hakuwahi kuiona.

Jioni hiyo mumewe, Fundi Rangi, alirudi kutoka kazini na madoa meupe kwenye nyusi. Kabla hajaketi, mkewe alikuwa ameshachukua simu yake.

"Tunaunganisha na yako," alisema. "Toleo hili linakubali simu mbili."

"Linasoma ujumbe wangu wote?"

"Wa pesa tu. Nimekataa ruhusa nyingine zote. Una nini cha kuficha?"

"Sina. Nauliza tu kama mwananchi."

Siku chache zikapita. Msusi aliacha kuandika, kama Spika alivyomwambia. Siku ya nne, majirani na mumewe wakiwa wamekusanyika barazani kama kawaida, alifungua programu ili wote waone maajabu. Alisoma kwa sauti ya juu:

"*Wiki hii huna kipato.*"

Majirani walisogea wasome wenyewe. Halafu Mshonaji akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Sina kipato?" Msusi alisema. "Na vichwa nilivyosuka vyote vile? Vidole vimeniuma bure?"

Karani, aliyekuwa anapita na mfuko wa sokoni, alisimama. "Wateja wako walikulipaje?"

"Mkononi. Kama ulivyonilipa wewe. Noti naziweka kwenye mfuko wa aproni."

"Sasa programu itauonaje mfuko wa aproni? Yenyewe inasoma ujumbe. Noti haitumi ujumbe."

Msusi aliutazama mfuko wake, akaitazama simu, naye akaanza kucheka. Kitu walichokuwa wanamuuzia, tena kwa bei ya vichwa vitatu, kilikuwa hakiwezi kuiona kazi yake hata kidogo.

"Ngojeni, ngojeni," alisema Spika, ambaye hakubali kushindwa mapema. "Na upande wa Fundi je? Yeye analipwa kwa simu."

Msusi akagusa upande wa mumewe. Kweli, malipo yake yalikuwepo yote. Lakini chini yake kulikuwa na safu ya makato madogo madogo, moja kila siku.

"Mume wangu, hii *Nyota Yako Leo* ni nini?"

Fundi Rangi alikuna kichwa, na vipande vya rangi vikaanguka. "Nyota gani?"

"Unakatwa kila siku. Wanakutumia utabiri wa mapenzi."

"Fundi," alisema Spika kwa ile sauti yake, na watu wa barabara ya pili bila shaka wakasikia, "kumbe unalipia mapenzi na sisi hatujui?"

"Ule ujumbe? Mimi huwa naufuta bila kuusoma. Nilidhani ni wa bure."

"Nyota zenyewe zilisemaje?" aliuliza Mshonaji. "Hazikukuonya kwamba mkeo ataona?"

Fundi Rangi alipiga simu ya huduma kwa wateja hapo hapo. Wakamfundisha namna ya kujitoa kwenye huduma ile. Alijitoa, na ujumbe wa kuthibitisha ukaingia. Mkewe alipiga hesabu ya makato ya mwaka mzima, kisha akasema polepole, "Pesa hizi zingenunua rafu zote za chumba cha mbele. Na kioo kikubwa juu yake."

"Si nilisema?" Spika aliruka. "Programu imejilipa. Lipia sasa."

Wote walimgeukia Karani. Lakini Karani alimtazama Msusi tu, na Msusi ndiye aliyejibu.

"Hapana, kaka. Uchafu ukishaufagia, humwajiri mfagiaji mwaka mzima akae anakutazama. Tungekuwa tunasoma ujumbe wetu, tungeliona hili mapema. Kuanzia leo mume wangu atausoma kila Jumapili, mbele yangu. Mimi nitaandika pesa zangu za mkononi kama zamani. Siku wateja wengi wakianza kunilipa kwa simu, nitalifikiria upya."

"Na kodi?" aliuliza Mshonaji. "Si ndiyo ilikuwa safari yenyewe?"

Msusi alikuwa ameshahama ukurasa. Alikuwa kwenye sehemu inayoitwa Ripoti, ambayo ilikuwemo hata kwenye toleo la bure. Hakuwahi kuigusa. Alichagua mwaka mzima. Vikatokea vijiti, kimoja kwa kila mwezi. Vingi vilikuwa virefu. Vile vya msimu wa harusi vilikaribia kutoboa kioo. Viwili tu vilikuwa vifupi, vimesimama pamoja kama mapacha waliokosa chakula.

"Hii ndiyo miezi shule zinapofunguliwa," alisema taratibu. "Watu wanalipa ada, nywele zinasubiri." Akagusa mwaka wa nyuma yake. "Mwaka juzi vilevile. Tazameni, ni ile ile." Sauti yake ikapanda. "Kumbe ninachoogopa ni miezi miwili tu. Na najua inakuja lini. Nikiweka akiba msimu wa harusi, nakilipia chumba mwaka mzima."

Alisimama, akakaa, akasimama tena. Alimkumbatia Mshonaji, akamkumbatia na Karani pamoja na mfuko wake wa sokoni, na nyanya mbili zikapondeka.

Kengele ya simu ilipolia, Msusi alijitoa kwenye jaribio. Alisubiri ujumbe wa kuthibitisha, akaupiga picha na kuihifadhi. Kisha alisasisha toleo lake la bure kutoka kwenye duka la programu, akaangalia kama hesabu zote zipo. Zilikuwepo. Mshonaji naye alileta simu yake, na jioni hiyo akaanza kuandika upya. Safari hii nakala aliiweka mwenyewe, bila kuambiwa.

Jumamosi mchana, nyumba ya Msusi ilijaa. Spika alikuwa amesharudi kutoka safari ya lori, Mshonaji alikuwa anapanga sahani, Karani alikuwa anakata kachumbari. Mlango uligongwa. Alikuwa mwenye chumba, mzee mwembamba, mkono mmoja una ufunguo na mwingine una karatasi.

"Nimekuja kwa jibu, mwanangu. Muuza viatu ananisubiri."

"Nakichukua, mzee. Ila nina ombi. Kuna miezi miwili biashara yangu inalala. Naijua, nina rekodi yake. Nitakulipa kodi ya miezi hiyo mapema, msimu wa harusi, ili isitukute tukigombana."

"Wapangaji wangu huniambia hawana pesa siku ya kulipa. Wewe unaniambia mapema, tena unalipa kabla?"

"Ndiyo, mzee."

"Ufunguo huu hapa." Aliuweka kiganjani mwa Msusi, na chuma kilikuwa bado na joto la mkono wake. "Mkataba nao ni huu. Weka saini pale chini, mimi niende zangu."

Msusi alikunja vidole juu ya ufunguo. Alitamani kupiga vigelegele, aingie chumba kile wakati huo huo na viti vyake vyote. Kalamu alikuwa nayo. Lakini alizichukua karatasi kwa mkono wa pili, akaanza kusoma kutoka juu.

"Unasoma yote?" mzee aliuliza.

"Yote, mzee. Na kurasa ni nne." Alisogea pembeni, mlango ukabaki wazi. "Vua viatu uingie. Sahani yako imeshapakuliwa. Wewe kula, mimi nasoma."