Salamu Kabla ya Dawa

Walikutana stendi ya Kasulu, siku ya soko. Careen, muuguzi wa zahanati moja huko Kibondo, alikuwa amevaa gauni la kitenge cha njano. Alikuwa akimsalimia bibi muuza ndizi kwa Kiha, makofi polepole, wakiulizana habari za watoto, ng'ombe na mvua. Nyuma yake Longinus alikuwa akingoja zamu ya kununua.

"Dada, basi litatuacha."

"Litangoja. Hata mgonjwa ukimkatiza salamu, anakuficha ugonjwa."

Longinus alikuwa katibu wa kamati iliyokuwa ikianzisha chuo kikuu pale Kasulu, cha kuandaa viongozi wa afya watakaofaa popote duniani. Maneno yale yalimganda moyoni, na aliyeyasema pia. Miezi minne simu hazikupoa.

"Mpenzi, chuo chenu kitafundisha nini?"

"Nifundishe wewe kwanza, mama."

Akamfundisha. Muhula wa kwanza, alisema, mwanafunzi asishike kipimo. Akae vijijini ajifunze kusalimia na kusikiliza. Longinus akayaandika kwenye andiko la chuo, neno kwa neno, bila kumtaja.

Kisha Careen akaomba nafasi katika kundi la kwanza. Siku ya usaili, Longinus, akiwa mmoja wa wasaili, hakutaka ionekane anambeba, akamtazama kama mgeni.

"Jina lako nani?"

Careen akalitaja. Akaulizwa kiongozi wa afya aanzie wapi, akasema yaleyale ya kwenye simu. Mwenyekiti wa kamati akafunga faili.

"Binti, umekariri andiko letu."

Careen akamgeukia Longinus. Longinus akaitazama kalamu yake.

Siku tisa Careen hakupokea simu. Siku ya kumi Longinus akaiandikia kamati ukweli wote, akajitoa kwenye usaili, akaenda Kibondo. Akapanga foleni zahanati, mwanaume peke yake kati ya kina mama wa kliniki.

"Mwakeye," Careen alimsalimu kwa Kiha, bila tabasamu.

"Mwakeye. Careen, kamati itakuita upya, mimi sitakuwemo..."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Naomba..."

"Na shangazi yako wa kule Kasanda? Ng'ombe wake kazaa?"

Mama mmoja akacheka ndani ya khanga. Longinus akainama, akapiga makofi taratibu, akajibu moja moja mpaka habari za mvua. Kisha naye akauliza za kwao Careen, zote, asiruke hata mtu mmoja.

Careen akamsogezea kiti.

"Haya. Unaumwa nini?"

"Aibu."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuuliza jina."

Careen akaizungusha kalamu yake vidoleni.

"Dawa yake hapa hatuna. Iko kwa baba yangu, uje Jumapili ujitambulishe. Na huko usije ukakatiza salamu."