Kilichobisha Hodi Kwenye Shafti

Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo mwenyewe, nimelala kifudifudi kwenye shimo la injini, tochi mdomoni. Na asinibishie mtu, maana London nzima hakuna Mswahili anayejua boti kama mimi, Godlisten.

Protas, rafiki yangu wa tangu nyumbani, alinipitia nikitoka kazini uwanja wa ndege. Mwenye nyumba wao wa Hounslow alikuwa anataka funguo zake kesho yake asubuhi, na Gaudensia, mkewe, alikuwa na mimba ya kujifungua wakati wowote. Council, yaani halmashauri ya mtaa, waliambiwa, wakasema watapiga simu. Simu haikulia. Basi Protas akapata boti chakavu ya kuishi, zile nyembamba za kwenye mfereji, akataka nimwambie jambo moja tu: shafti ya propela, ule mhimili wa chuma utokao kwenye injini hadi majini, ni nzima? Maana boti hizi lazima zihamehame. Ukikwama mahali pamoja, unafukuzwa hapo pia.

Tulifika na Gaudensia wakati wa magharibi, giza likiingia. Mwenye boti, mzee Griffins, alisimama ukingoni akakataa kupanda. Nikamwona mjinga. Nikashuka shimoni.

Kupima shafti ni kazi ndogo kwa anayejua. Unazima injini, unaweka gia fri isishike kitu, unaishika shafti kwa mikono miwili unaitikisa. Kama bushi inayoishikilia kule nje, majini, imelika, utaisikia inagonga.

Nikatikisa. Kimya. Imara kama nguzo.

Nikamwambia Protas hii ni nzima, nikaachia mikono.

Ngo. Ngo. Ngo.

Ilitoka chini, majini... na mikono yangu ilikuwa hewani.

Kwa Mzungu huo ungekuwa mlio wa chuma tu. Lakini sisi tumelelewa hivyo: mtu akibisha, anajibiwa, hata kama una unga mikononi. Gaudensia alikuwa ndani, amejinyoosha kitandani, katikati ya boti, amechoka. Alidhani ni mzee Griffins.

"Karibu," akasema.

Boti ikainama.

Mtu mzito akikanyaga nyuma ya boti, nyuma hushuka. Ilishuka taratibu, kwa adabu, kama anayepanda hataki kusumbua watu. Hakuna aliyepanda. Ikaja harufu ya tope la chini kabisa, na ya nguo zilizolowa siku nyingi. Kisha shafti ikaanza kuzunguka. Polepole... injini imezimwa... ikasimama.

"Shemeji," Gaudensia akaninong'oneza kutoka mlangoni, "nani huyo amekaa nyuma yako?"

Sikugeuka. Shujaa si lazima ageuke.

Niliruka ukingoni nikamkamata Griffins koti. Niliporudi kwa wenzangu, waliokuwa wamejikunyata ndani, niliwaeleza kwa Kiswahili: mzee anasema huyo hubisha kila magharibi, na yeye hakuwahi kumjibu. Sasa ameshakaribishwa, haondoki. Ila atakaa huko nyuma tu, kwenye injini. Mlango wa ndani havuki. Msimjibu tena, basi.

Protas akalia, mtu mzima yule. Nikamwambia tuondoke. Akaniuliza twende wapi, kaka, nami chumba changu cha Woolwich tunalala wanne kama viatu dukani.

Gaudensia ndiye aliyeamua.

"Kama mlango havuki, tunakaa," akasema. "Mimi siwezi kuzalia stendi ya basi."

Wakakaa. Akazaliwa mtoto wa kike. Kila magharibi, ngo, ngo, ngo, na mama amemziba mwanawe masikio, na Protas anauma shuka asije akajibu. Nyuma ya boti ikabaki imezama vilevile.

Jana Protas alinipigia simu anacheka, kicheko nilichokuwa nimekisahau.

"Ameondoka, kaka. Habishi tena. Na boti imekaa sawa, nyuma na mbele, kama meza."

Nikampa hongera. Sikumwambia ninachokijua kuhusu boti. Hukaa sawa mzigo ukishuka. Hukaa sawa pia mzigo ukihamia katikati.

Kilipo kitanda.

Niliyoyasema yote nimeyaona, ila kitu kimoja nilikiongeza mwenyewe. Mzee Griffins hakutamka neno. Aliniachia koti mkononi, funguo za boti zikiwa mfukoni mwake, akakimbia. Hayo ya mlango niliyatunga mimi pale pale, ili Gaudensia apate usingizi.